Rili ya "Mrs MacLeod of Raasay": ni ya nani hasa, na huyo shetani katokea wapi?

"Mwalimu shikamoo. Mimi najifunza fidla hapa Unguja, nilianzia kwenye taarab. Kuna mwalimu mgeni alipita akatufundisha rili moja ya Uskoti inaitwa Mrs MacLeod of Raasay na mwezi ujao tunaipiga kwenye onyesho la wanafunzi, mimi ndo nimepewa kazi ya kuandika maelezo mafupi na kuitambulisha jukwaani. Tatizo kila nikitafuta napata kitu tofauti. Karatasi niliyopewa imeandikwa 'Trad.' alafu chini yake 'Gow 1809'. Pengine naambiwa ni ya Ayalandi na jina ni Miss McLeod. Nikaona video ya Wamarekani wanaimba kitu hichohicho, wanamuuliza mjomba Joe kama amewahi kumuona shetani! Mwenzangu mmoja kundini anasema basi huo ni wimbo wa shetani na wa wakati wa utumwa, yeye hapigi, na nyumbani nao wameshaanza kuuliza. Kingine, mbona kama haina mwisho? Nikifika mwisho nahisi nimekatwa njiani. Na nikiipiga haraka shingo na bega la kushoto vinauma. Niandike nini, na tuipige au tuiache?"

Marahaba ndugu yangu, na hongera kwa kupewa kazi ya kuandika. Nimesoma swali lako nikaona kinachokusumbua hasa sio historia yenyewe, ni ule wasiwasi wa kusimama mbele za watu ukasema kitu alafu mtu akanyoosha mkono akakwambia umedanganya, au mzee wa nyumbani akasikia neno shetani akachukua kofia yake akaondoka. Basi nianze na jibu lenyewe: huu ni muziki wa kuchezea dansi wa visiwa vya Skye na Raasay, kaskazini magharibi mwa Uskoti, aliyeutunga hajulikani, Gow aliuchapisha tu, maneno hayakuwamo kwenye hiyo karatasi ya Gow, na shetani kapandia Marekani. Ipigeni. Sasa nikueleze vizuri maana mwenzako naye anastahili jibu la maana, sio kuchekwa.

Hilo "Gow 1809" ndo linalopoteza watu wengi. Nathaniel Gow alikuwa mpiga fidla na mfanyabiashara wa muziki mjini Edinburgh, mtoto wa Niel Gow, yule mzee wa Inver karibu na Dunkeld ambaye mpaka leo Waskoti wakianza kuhadithia fidla wanaanzia kwake. Familia hii ilikuwa inatoa vitabu vya rili na strathspey (dansi nyingine ya Kiskoti, ya mwendo wa taratibu zaidi), na kitabu chao cha tano kilitoka 1809. Humo ndo ilimo rili yako, na Gow mwenyewe kaiwekea maelezo kwamba ni rili halisi ya kisiwa cha Skye na kwamba kaletewa na Bwana McLeod. Yaani mchapishaji mwenyewe anakwambia wazi sio yake! Ila watu wanakopi jina na mwaka, yale maelezo ya juu wanayaacha, baada ya muda inaonekana kama Gow alikaa mezani 1809 akaitunga. Huo ni mwaka rili iliponaswa kwenye karatasi, kabla ya hapo ilikuwa inatembea kwa masikio na vidole, mtu anasikia kwenye harusi anaenda nayo kwao.

Na ujue mchezo huu unakwenda pande zote mbili. Ipo rili nyingine maarufu inaitwa Fairy Dance, hiyo Nathaniel Gow kweli aliitunga mwenyewe, kwa ajili ya dansi ya klabu ya wawindaji wa Fife 1802, lakini ukifungua vitabu vya wanafunzi utakuta imeandikwa "Trad." tu, yaani ya jadi. Kwahiyo ile aliyoitunga ananyimwa, ile aliyoletewa anapewa. Neno hilo la "Trad." lilitakiwa litumike pale mtunzi asipojulikana na wimbo umepita mikono mingi, ila wachapaji wengine wanaliweka popote walipochoka kutafuta. Kwako wewe limekaa mahali pake.

Wala usidhani Gow alikuwa malaika. Mtunzi mwenzake, William Marshall, ambaye alikuwa msimamizi wa nyumba ya Duke wa Gordon, alilalamika kwamba nyimbo zake zinachapishwa na wengine kwa majina mengine bila yeye kutajwa, na kidole kilikuwa kinaelekea kwa akina Gow. Ndo maana kwenye vitabu vile mimi siamini jina, naamini maelezo. Mtu anayependa kujimilikisha nyimbo akikuandikia kwa mkono wake kwamba hii nimeletewa kutoka Skye, hapo anaaminika kuliko kawaida yake.

Sasa huyo Bibi MacLeod. Usiandike kwamba yeye ndo mtunzi, wala kwamba wimbo unasimulia maisha yake, maana nimeshaona yote mawili. Rili za Uskoti za wakati ule majina yake yalikuwa kama heshima: mpiga fidla au mchapishaji anaipa rili jina la mke au binti wa bwana mwenye ardhi, familia inafurahi, inanunua vitabu, inamwita kwenye sherehe ijayo. Nenda kapekue kitabu chochote cha akina Gow utakuta mabibi na mabinti wamejaa, muziki wenyewe hausemi lolote juu yao. Mrs MacLeod of Raasay maana yake ni mke wa bwana wa Raasay, basi.

Raasay yenyewe ni kisiwa chembamba kirefu kilichobanwa kati ya Skye na bara, na kwa udogo wake kimeona mengi. Bwana wake alimuunga mkono Charles Edward Stuart kwenye uasi wa 1745, ule uasi uliposhindwa Culloden mwaka uliofuata wanajeshi wa serikali walikuja wakachoma jumba na nyumba za watu, wakaua mifugo. Jumba likajengwa upya. Septemba 1773 wakafika wageni wawili, Samuel Johnson mtunga kamusi kutoka London na rafiki yake Mskoti James Boswell, na wote wawili waliandika habari za safari ile. Wanasema baada ya mapokezi zulia lilikunjwa, mpiga fidla akaitwa, dansi ikaanza, bwana wa Raasay mwenyewe kaingia katikati anacheza kwa nguvu kama kijana, na alikuwa na mabinti kumi kwahiyo wa kucheza nao hawakukosekana. Kitu kinachonifurahisha mimi ni Johnson: mzito, mgonjwamgonjwa, kakaa pembeni, mara anawaza, mara anatabasamu, mara anafunua kitabu cha historia ya Warumi kelele zote zile zinaendelea. Sikuambii rili yako ilipigwa usiku ule, hilo usiliandike. Nakuambia ilitoka nyumba ya namna gani, nyumba ambayo zulia linakunjwa na fidla inaitwa.

Na haikuwa fidla peke yake. Mwaka 1812, miaka mitatu tu baada ya kitabu cha Gow, binti aliyelelewa kwenye jumba lile na mjomba wake, Elizabeth Ross, aliandika daftari la nyimbo zinazokaribia 150 za palepale kisiwani, zikiwemo za zumari la mfuko alizozisikia kwa John MacKay, mpiga zumari wa nyumba. Daftari lile lipo mpaka leo Edinburgh. Mtoto wa huyo MacKay, Angus, alikuja kuwa mpiga zumari wa kwanza wa Malkia Victoria. Kwahiyo Bwana McLeod alipopeleka rili kwa Gow alikuwa anachota kwenye kisima chenye maji.

Tuje kwa mwenzako. Kasema utumwa, na hapo kagusa kitu, ila kakigusa pembeni. Kwenye kuzaliwa kwa rili hii hakuna habari ya utumwa. Lakini Raasay yenyewe, MacLeod wa mwisho alipozidiwa na madeni aliiuza 1843 akahamia Australia, na kisiwa kikaishia mikononi mwa George Rainy, ambaye utajiri wake ulitokana na sukari na watumwa wa Demerara, Guyana ya leo, na ni mmoja wa waliolipwa fidia na serikali ya Uingereza utumwa ulipofutwa, wenye watumwa ndo walilipwa sio watumwa. Huyo Rainy akafukuza familia nyingi vijijini aweke kondoo. Kwahiyo watu ambao babu zao walicheza rili hii walipandishwa meli na mtu aliyetajirika kwa kumiliki watumwa. Mwambie mwenzako hilo, ni kweli na linauma, ila ni habari ya ardhi, sio ya noti.

Kuhusu Marekani. Waskoti na watu wa kaskazini ya Ayalandi walihamia kule kwa maelfu, fidla zao mkononi, na kule zikakutana na banjo, chombo ambacho asili yake ni Afrika Magharibi, kikaletwa na watu waliouzwa. Kusini mwa Marekani wapigaji weusi, wengi wao watumwa, ndo walikuwa wanaitwa kupiga dansi za mabwana, rili za Kiskoti walizijua kama nyumba zao. Huko rili yako ikapata majina mapya, Hop High Ladies ni mojawapo, na ikapata mashairi mafupi ya kuchangamshia dansi: mabibi rukeni juu, hali ya hewa isikutishe, mjomba Joe umewahi kwenda kanisani? Na kwa wengine, mjomba Joe umewahi kumuona shetani? Huyo ndo shetani wako wote, mstari mmoja wa utani ambao hata wenyewe kwa wenyewe hawakubaliani kama ni shetani au kanisa. Uncle Dave Macon aliirekodi 1927 na wala hakuna aliyepandisha mashetani.

Hapohapo nikuonye. Kusini ile neno "mjomba" lilikuwa namna ya kumwita mzee mweusi bila kumpa heshima ya "bwana", na fidla na banjo ndo vyombo vilivyotumiwa na vikundi vya Wazungu waliojipaka masizi usoni kuwaigiza watu weusi kwa dhihaka. Sasa mtu akiniuliza kama muyaimbe yale maneno jukwaani nitasema hapana, na sababu ni hiyo, sio shetani. Noti hazina kosa, ipigeni kimya bila mashairi kama ilivyokuwa kwa Gow.

Na usiwaone wa nyumbani washamba. Hofu ya fidla walikuwa nayo watu wa Skye wenyewe. Karibu na 1805, yaani wakati uleule rili inaelekea Edinburgh, ulizuka uamsho wa dini kisiwani, na mmoja wa vinara wake alikuwa Donald Munro, kipofu, ambaye zamani alikuwa mpiga fidla. Alipookoka akaiacha kabisa, na wanasimulia watu walileta fidla na zumari zao penye Loch Snizort zikapigwa moto. Wengine wakaendelea kupiga. Mabishano yenu ya kundini yana miaka zaidi ya mia mbili, msigombane sana.

Ayalandi ni fupi. Ilivuka bahari, wapigaji wa kule wakaipenda, wakaishusha kutoka A kwenda G, na bibi wakamrudisha kuwa binti, Miss McLeod. Francis O'Neill, mkuu wa polisi wa Chicago aliyekusanya muziki wa Ayalandi, alichapisha ya kwao. Kuiita ya Kiayalandi kwa sasa sio kosa, wanaipiga kwa namna yao na imekuwa yao pia, ila ukiulizwa ilitoka wapi, jibu ni Skye.

Sasa la mwisho kutofika mwisho, sikio lako liko sawa kabisa. Wewe umekaa kwenye muziki, solfa unaijua. Anza kuiimba: inafungua do, inacheza mi na so, inarudi do. Imba mpaka mwisho wa sentensi ya kwanza, unaangukia wapi? Kwenye re. Ya pili nayo, re. Sehemu ya pili inapanda juu, unadhani sasa itarudi nyumbani, inaishia re tena. Sikio linasubiri do, na do inayokuja ndo ile ya kuanzia upya, kwahiyo unavutwa kwenye duara bila kujijua. Imefanywa hivyo kwa ajili ya wachezaji. Rili nzima kwa kawaida ya Uskoti ni baa 32 (za kwenye noti, sio za mtaani), inaisha kama ndani ya sekunde 35, wakati dansi moja inahitaji mizunguko mingi. Wimbo unaofunga mlango kila baada ya nusu dakika unachosha miguu, huu mlango unauacha wazi. Wapigaji wenyewe mara nyingi hawaufungi, wanarukia rili nyingine moja kwa moja. Kama nyie mna hii moja tu, mkimaliza mzunguko wa mwisho rudini kwenye ile do ya kwanza kabisa, pigeni ndefu pamoja, upinde wote. Hapo itatulia.

Kwa kuwa umetokea taarab mkono wako wa kushoto umezoea kuteleza kutoka noti hadi noti, na ndo raha yake kule, hapa uuambie upumzike. Rili inakaa kwenye mkono wa kulia. Noti nyingi zinapigwa upinde mmoja mmoja, mfupi, katikati ya upinde, na uzito kidogo kwenye pigo la kwanza na la tatu ili mchezaji ajue mguu uende wapi. Ukifika kwenye ile re ndefu, Waskoti wengi wanaikata vipande vitatu vya haraka, mbili fupi moja ndefu, kwa kutikisa kifundo cha mkono tu, pale kiganja kinapoungana na mkono, begani kukiwa kimya. Jifunze hiyo taratibu kabla ya kuongeza spidi. Niel Gow alisifiwa kwa upinde wake wa kupanda juu uliokuwa na nguvu sawasawa na wa kushuka, jaribu hapo utaona wako wa kupanda ulivyo dhaifu, wa karibu kila mtu ni dhaifu.

Kwenye karatasi andika hivi, au ubadilishe upendavyo: "Mrs MacLeod of Raasay. Rili ya asili ya kisiwa cha Skye, Uskoti. Mtunzi hajulikani. Ilichapishwa Edinburgh 1809 na Nathaniel Gow, ambaye aliletewa na Bwana McLeod. Baadaye ilienea Ayalandi na Marekani kwa majina mengine." Inatosha. Kama mwalimu mgeni aliwaandikia sauti ya pili au mpangilio wake, mtajeni na yeye, maana rili ni ya wote lakini mpangilio mpya una mwenyewe. Ukitaka kukiona kitabu chenyewe, Maktaba ya Taifa ya Uskoti imeweka vitabu vya Gow mtandaoni bure, na Tobar an Dualchais, hazina ya sauti za zamani za Uskoti iliyopo mtandaoni, ina rekodi za wazee wa visiwani, wasikilize hao kuliko video za spidi. Mwenzako akibaki na msimamo wake mwacheni, apige kipande kingine, msimlazimishe na asiwazuie.

Hilo la shingo na bega usilichukulie poa. Umesema linakuja ukipiga haraka, ambayo mara nyingi inamaanisha unanyanyua bega kuibana fidla ukiogopa itadondoka, na kidole gumba kinakaba shingo ya fidla. Rudisha spidi nyuma mpaka upige mizunguko yote bila bega kupanda, na ukae mapumziko kabla maumivu hayajaanza, sio baada. Ila mimi sikuoni. Tafuta mwalimu wa fidla akuone ana kwa ana ukiwa unapiga, aangalie kiegemeo cha kidevu na cha bega kama vinafaa urefu wa shingo yako, pengine ni kipande cha sponji tu kinakosekana. Na kama maumivu yanabaki hata siku ambazo hujagusa fidla, au vidole vinakufa ganzi, au mkono unakosa nguvu ya kushika kitu, hapo acha kupiga uende hospitali ukamuone daktari au mtu wa fiziotherapia, hata kama onyesho ni kesho.